Kwa Jina la Radojka

Juni 9, Jumatatu
Bosi Budimir amenipa daftari hili, jalada lake lina picha ya chupa ya dawa ya kupulizia mashamba. Akasema, "Kila siku andika ulichofanya kwenye seva, nisije nikawa nafuga mtu wa kukaa tu." Sawa. Leo nimekaa tu.

Jina langu siandiki juu ya jalada. Kitu kikiharibika nisije nikatafutwa.

Juni 10
Kwa faida ya atakayesoma: shule ya ufundi niliiacha mwaka wa tatu, kwa sababu mwalimu wa kompyuta alikuwa anaiogopa kompyuta. Mimi siiogopi. Katika bonde hili lote la Jasenova Kosa hakuna anayenifikia, na wanaobisha waje na kibodi.

Ghala letu la baridi hupokea rasiberi za vilima vyote kwa wiki saba. Zinapimwa, zinakaguliwa, zinagandishwa, zinapanda malori kwenda kaskazini. Kila kreti inaingia kwenye hifadhidata. Na hapo ndipo penye kichekesho: watu wote wanaingia kwa jina moja, radojka.

Huyo ni Shangazi Radojka, mkuu wa kumbukumbu. Si shangazi yangu wa damu, ni wa bonde zima. Mfumo aliujenga peke yake miaka kumi na sita iliyopita, kwa kitabu cha kuazima maktaba. Amebakiza miezi mitano astaafu. Neno lake la siri liko ukutani, kwenye kalenda ya kanisa: Agosti 2, Mtakatifu Ilija, siku imezungushiwa kalamu nyekundu. Jina la mtakatifu na tarehe, basi, umeingia.

"Shangazi, hii ni aibu," nikamwambia. "Hata mbuzi wa yule Vidoje wa mizani anaweza kuingia."

"Mbuzi wa Vidoje ana akili kumzidi Vidoje. Sikia we mtoto. Siku ya mtakatifu wa nyumba yangu, siku ya slava, namwalika nani?"

"Hakuna. Slava haina mwaliko."

"Na namfukuza nani?"

"Hakuna."

"Basi na hapa ni vilevile. Mtu ana kazi yake, aingie aifanye."

Hivyo ndivyo wazee wetu walivyoielewa kompyuta. Nimeajiriwa nirekebishe hilo, na nitalirekebisha nikiwa nimefumba jicho moja.

Juni 13
Kila mtu nimempa jina lake la kuingilia. Nimeunda makundi matatu: mizani, maabara, ghala. Watu wa mizani wanaandika uzito, hawagusi majibu ya vipimo. Maabara peke yao ndio wanaoweza kuitoa shehena kwenye "imezuiwa" na kuiweka "imeruhusiwa."

"Kwa hiyo mimi ni malkia?" akauliza Milunka wa maabara.

"Malkia wa rasiberi zilizooza."

Akanirushia glovu. Kazi nzuri kama hii hata mjini hawaifanyi.

Juni 15
Mvua. Kreti arobaini tu. Nimelala juu ya magunia.

Juni 17
Asubuhi mizani wakakwama. "Ruhusa imekataliwa." Nikahangaika hadi chai ya saa nne. Kumbe ruhusa nilizotoa zilihusu majedwali yaliyokuwapo siku ile, na jedwali la msimu huu limezaliwa jana. Ni kama mtoto aliyezaliwa baada ya wosia kusomwa, hana hata kijiko.

Shangazi Radojka alikuwa nyuma yangu na kikombe cha kahawa. "Andika na amri ya watakaozaliwa," akasema. "Kila jedwali jipya lirithi tangu siku ya kwanza."

Nilikuwa nalijua hilo. Nilikuwa nampima.

Juni 20
Watu wote wamesahau maneno yao ya siri. Wote wamerudi kwa jina la radojka. Vidoje wa mizani ananiambia, "Hilo neno la siri ulilonipa ni gumu kuliko mke wangu, na yeye ilinichukua miaka thelathini."

Nimecheka. Kwa nini nigombane na watu wazima?

Juni 27, Ijumaa
Leo nimekuwa shujaa, naandika kwa kirefu.

Joto nyuzi thelathini na saba. Matrekta yamepanga foleni kutoka lango letu hadi darajani, na rasiberi si viazi, hazingojei. Kufika saa sita kreti za chini zilikuwa zinatoa maji mekundu, yanachuruzika mpaka barabarani, nyigu wamejaa. Na saa sita hiyohiyo mizani ikagoma. Uzito unaonekana, lakini ukitaka kutoa stakabadhi mpya: ruhusa imekataliwa. Hata radojka amekataliwa, kwa sababu jana niligusagusa kitu na sikumbuki ni kipi.

Wakulima wakaanza matusi. Mmoja alimwaga kreti nzima mlangoni, akasema, "Haya, pimeni na hizi kwa ulimi!"

Bosi Budimir akaingia, shati limemganda mgongoni. "We fundi! Fungua!"

"Natafuta sababu, bosi."

"Sijakuuliza sababu! Fungua!"

Shangazi Radojka akaniwekea mkono begani, taratibu tu. "Straja, mwanangu, soma ujumbe mpaka mwisho. Unasoma maneno mawili ya kwanza unakimbia. Mwishoni unakwambia ni kitu gani kimekataliwa."

"Radojka, toka hapo, sio darasa hili!" bosi akafoka.

Basi nikafanya linalofanywa na wanaume. Amri moja: watu wote, ruhusa zote, juu ya kila kitu. Nikabonyeza. Halafu printa ikaanza kutema stakabadhi, trrr, trrr, na nje mtu akapiga honi ya trekta kama harusini.

Bosi mwenyewe alinimiminia rakija, pombe kali ya plamu. "Huyu ndiye fundi!" Vidoje akanibeba mgongoni kuzunguka mizani, na mgongo wenyewe mbovu. Shangazi peke yake ndiye hakuja kunywa. Alikuwa anasoma ule ujumbe.

Juni 28
Shangazi aliniachia kikaratasi juu ya kibodi. Ujumbe wa jana mwishoni ulisema tatizo halikuwa jedwali, lilikuwa kile kihesabio kinachotoa namba za stakabadhi. Mstari mmoja wa amri ungetosha. Chini ameandika: "Sasa funga milango uliyoifungua."

Kesho nitafunga.

Juni 30
Kesho nitafunga.

Julai 2
Mvua ya mawe usiku, vilima vya juu vyote vimepigwa. Leo hakuna aliyemtania mwenzake hapa. Shangazi anauliza, "Umefunga?" Nikamwambia kesho.

Julai 4
Diski imejaa. Nimezima ile sehemu ya kumbukumbu inayoandika kompyuta ipi imefanya nini. Sasa linabaki jina tu na saa. Nafasi ya kutosha, seva inaruka kama mwanakondoo. Nani anahitaji kujua kompyuta ipi?

Julai 8
Milunka ameizuia shehena 1146. Ni ya Tihomir, kum wa bosi, maana yake Tihomir ndiye aliyewabatiza watoto wote wawili wa Budimir, na hapa kwetu ndugu wa damu unaweza kumnunia, kum humnunii. Alipulizia dawa siku tatu kabla ya kuchuma.

"Babu yangu alikula hizihizi akafika miaka tisini!" Tihomir anafoka dirishani.

"Babu yako alikuwa anapulizia maji ya kisima," Milunka akamjibu, akafunga dirisha.

Julai 9, Jumatano
Shavu la Shangazi Radojka limevimba kama mkate. Mchana nikampakia kwenye pikipiki hadi mjini kwa mzee Sekula, daktari wa meno mstaafu anayeng'oa jikoni kwake bila cheti wala risiti. Kengele ya kanisa imepiga saa nane Shangazi akiwa amefungua mdomo, mzee akasema, "Ngoja imalize, sipendi kung'oa kwa mdundo." Nilicheka hadi nikafukuzwa nje.

Tuliporudi, miwani ya bosi ilikuwa juu ya meza ya Shangazi, karibu na kibodi. Akaishika kwa vidole viwili, akasema kwa shavu moja, "Bosi kasahau macho yake kwangu."

Julai 10
Lori la kaskazini limeondoka limejaa. Milunka anauliza 1146 iko wapi, haioni kwenye chumba cha baridi. Mfumo unasema imeruhusiwa. Bosi akamwambia vipimo vya pili vimefanyika mjini, vimetoka safi.

Julai 12
Sikukuu ya Mtakatifu Petro. Tumechoma mwanakondoo uani. Nimekula sana.

Julai 19
Kreti zinapungua. Kesho nitafunga ile milango.

Julai 24
Barua imefika kutoka kaskazini. Rasiberi za 1146 zilikuwa za kiwanda cha chakula cha watoto wachanga. Wamezipima kabla ya kuzipika, wamekuta dawa. Lori lote limerudishwa, na Jumatatu anakuja mkaguzi kutoka mji mkuu.

Hakuna mtoto aliyekula, namshukuru Mungu. Lakini mkaguzi hatakuja kumshukuru Mungu.

Julai 25
Nimefungua kumbukumbu. Shehena 1146 ilitolewa kwenye "imezuiwa" ikawekwa "imeruhusiwa" tarehe tisa Julai, saa nane na dakika kumi mchana. Aliyefanya: radojka.

Nimerudi nyuma kwenye daftari hili, nikasoma nilichoandika siku ile. Saa nane na dakika kumi Radojka alikuwa jikoni kwa mzee Sekula, anatema damu kwenye beseni. Na miwani ilikuwa ya nani, sihitaji kuandika mara mbili.

Ningeweza kujua alitumia kompyuta ipi. Nilizima mimi.

Kundi la maabara tu ndilo lilipaswa kuweza kubadilisha hilo. Nilifungua mimi.

Jioni bosi akaniita ofisini, akafunga mlango. Akanimiminia.

"Umeona?"

"Nimeona, bosi."

"Umeona nini?"

Akasogeza kiti, akaniita kwa jina langu kamili, sauti yake tamu kama ya mtu anayembembeleza ng'ombe asimame akamuliwe.

"Strahinja, nataka msimu ukiisha ubaki. Kazi ya kudumu, bima, kila kitu. Mama yako atafurahi. Lakini Jumatatu mtu akianza kuuliza nani angeweza, tutafika kwenye nani alifungua. Nani alifungua?"

"Bosi si ulisema fungua?"

"Mimi? Mimi si fundi, mwanangu. Mimi hata kuwasha ile mashine sijui."

Nilikunywa. Naandika hili ili nikumbuke kwamba nilikunywa.

Julai 28, Jumatatu
Mkaguzi ni mwanamke mfupi, amevaa viatu vya kupandia milima, haongei bure. Tulikaa chumba cha mapokezi: yeye, bosi, Shangazi, Milunka na mimi. Bosi akaweka karatasi ya kumbukumbu mezani.

"Mfumo hausemi uongo," akasema, huku anatikisa kichwa kama mfiwa. "Miaka kumi na sita nimemwamini. Labda ni uzee, labda alibonyeza pasipostahili."

Shangazi akasoma karatasi. Akaisoma mpaka mwisho, kama anavyosoma kila kitu.

"Tarehe tisa saa hiyo nilikuwa nang'oa jino," akasema.

"Una risiti?" mkaguzi akauliza.

"Sekula hatoi risiti."

"Una shahidi?"

Akanigeukia. Hakunikazia macho, hapana. Alinigeukia kama unavyogeukia mlango wa nyumba yako mwenyewe, hujawahi kufikiri kwamba utakuta umefungwa.

Mkaguzi akaniuliza, "Kijana, wewe ulimpeleka?"

"Nilimpeleka siku moja," nikasema. "Tarehe sikumbuki."

Daftari lilikuwa ndani ya mkoba wangu, miguuni pangu.

"Na mtu mwingine anaweza kuingia kwa jina lake?"

"Kila mtu ana jina lake. Niliwagawia mimi."

Sentensi ya kweli hiyo. Nimeipima kila upande, hakuna neno la uongo ndani yake, na ndiyo sentensi chafu kuliko zote nilizowahi kusema. Milunka alifungua mdomo, "Lakini kila mtu hapa..." Bosi akamtazama, naye Milunka akakumbuka mumewe ni dereva wa lori letu, akaufunga.

Wakamwandalia Shangazi karatasi. Akitia sahihi kwamba alikosea bila kukusudia na anaacha kazi kwa hiari, mambo yanaishia hapa. Asipotia, yanakwenda mahakamani, na miezi yake michache iliyobaki haitahesabiwa mpaka kesi iishe. Akatia sahihi. Akakunja miwani yake. Mlangoni akasimama mbele yangu, nikajua atanitukana, nikawa hata natamani.

"Kihesabio," akasema, "ulikirekebisha?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Vizuri."

Akaenda zake.

Julai 29
Vidoje hanitanii tena. Leo alipima lori zima hajasema neno. Nilifikiri ukimya wa Vidoje ungekuwa raha.

Julai 30
Bosi anataka jina la radojka lifutwe kwenye mfumo. "Mkaguzi akirudi asilikute." Akasimama nyuma yangu aone.

Nikaandika amri ya kumfuta. Seva ikakataa: mtumiaji huyu hawezi kuondolewa, kuna vitu vinavyomtegemea. Chini yake orodha, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikasoma ujumbe mpaka mwisho. Mia mbili na kumi na viwili. Jedwali la mizani, yeye. Vipimo vya maabara, yeye. Kihesabio, yeye. Majina ya wakulima, mpaka waliokufa, yeye. Watu wanne chumbani walimwondoa kwa robo saa. Mashine peke yake ndiyo iliyosema haiwezekani.

"Inasemaje?" bosi akauliza.

"Inasema kila kitu ni chake."

"Basi hamishia kwako."

Kuna amri ya hilo, fupi tu: vyote vya radojka viwe vya strahinja. Vidole vyangu viliiandika. Halafu jina likafutika bila kelele. Bosi akanipigapiga bega palepale alipokuwa ameniwekea mkono yule mama.

Halafu nikafunga ile milango. Mizani, maabara, ghala, kila mtu na ruhusa yake, na ile kumbukumbu ya kompyuta nikaiwasha upya. Ilichukua dakika tisa. Mwezi mzima nilikuwa nasema kesho, kwa kazi ya dakika tisa.

Agosti 2, Jumamosi
Mtakatifu Ilija. Wazee husema siku yake radi hupiga, na leo ni slava ya Shangazi Radojka.

Miaka yote ghala zima huwa kwake, magari yanajaa mpaka kwenye plamu za jirani. Nimefika saa saba, uani hakuna hata baiskeli. Vidoje alipita na trekta, akageuza shingo upande wa mto, kama mto umeanza jana.

Ndani meza imetandikwa ya watu ishirini. Mshumaa unawaka, mkate wa slava uko katikati, na bakuli la ngano ya kuchemsha. Alikuwa amekaa peke yake, kavaa gauni la bluu. Akasimama, kwa sababu mgeni akiingia siku hii mwenye nyumba husimama. Akanishikia bakuli. Nikachota kijiko kimoja, nikafanya ishara ya msalaba, nikameza.

"Usidhani nimekusamehe," akasema. "Leo simfukuzi mtu. Kesho usikanyage hapa."

"Sawa, Shangazi."

Nikalitoa daftari, nikaliweka mezani, limefunguliwa tarehe tisa Julai. Akavaa miwani. Akasoma kuhusu kengele, jino, macho ya bosi. Alipofika kwa mzee Sekula nadhani mdomo ulimchezacheza, lakini siwezi kuapa. Halafu akarudi nyuma mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, hadi Juni 27.

"Na hii ya kubebwa mgongoni utawapa pia?"

"Nitawapa lote. Ofisi ya mkaguzi inafunguliwa Jumatatu saa mbili. Nitapanda basi la alfajiri."

"Budimir atasema ulifungua kwa utundu wako."

"Nilifungua kwa utundu wangu."

Akavua miwani. "Hili ningelihitaji Jumatatu iliyopita. Sasa kuna karatasi yenye sahihi yangu. Sahihi yangu kweli, Straja, ile sikuandikiwa na mtu. Wanaweza kulisoma daftari lako wakacheka, wakalirudisha."

"Najua."

"Hujui. Lakini peleka."

Akalifunga, akaligeuza, akatazama ile chupa ya dawa juu ya jalada, na mahali patupu chini yake.

"Halina jina," akasema. "Hili nalo watasema ni la Radojka."

Akanisogezea kalamu nyekundu, ileile ya kalenda. Nikaandika pale mezani, mbele yake, kwa herufi kubwa, jina la kwanza na la ukoo: STRAHINJA MELENTIJEVIĆ. Akalikagua kama stakabadhi. Halafu akashika mkate, akanikatia kipande cha pembeni, kile cha mgeni apitaye. Mwaka jana alinikatia cha katikati.

Nimekila chote, mpaka makombo, na nimekaa mpaka mshumaa umeisha. Hakuna mwingine aliyekuja.